Irabu Moja

Mwanzoni ilikuwa simu tu.
Amenipigia, nilimwambia Mama, naye akatabasamu
huku akifunga kamba za buti, zamu ya usiku ikimngoja.
Espoir wa kwaya? Yule anayebeba spika za kanisa peke yake?
Kijana ana adabu, alisema, akatoka,
na baridi ya Winnipeg ikaingia pale alipokuwa amesimama.

Amenipigia nikiwa darasani. Amenipigia nikiwa bafuni.
Mara thelathini na moja, Jumanne, kati ya saa nane na saa kumi,
kwa kuwa nilicheka na Renato kwenye maabara ya kemia
(chupa ilibandikwa lebo juu chini, basi, ni hilo tu).
Alitaka nipige picha ya mahali nilipo. Nikapiga.
Akataka saa ya ukutani ionekane.
Nikapiga magoti kati ya makabati
ili saa na uso wangu vienee pamoja.

Lugha yetu haina ubahili na neno hili.
Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga chafya,
Mama hupiga moyo konde kila kodi inapofika,
watu wanapiga soga kituoni Sargent basi likichelewa,
na hakuna anayeumia.

Kwa hiyo jioni ile, nyuma ya uwanja wa barafu,
theluji imelundikwa na trekta hadi kifuani,
mkono wake uliponifikia
nilisimama nikingoja neno linalofuata.
Kupiga nini?
Kichwani mwangu sentensi ilikuwa haijaisha.
Yeye alikuwa ameshamaliza. Alikuwa akiokota glovu yangu,
akiipangusa theluji kidole kwa kidole, taratibu,
kama anayemvalisha mtoto.
Umeona ulivyonifanya, Sifa?
Nami nikamwomba radhi.

Nchi hii inajua kuficha.
Nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nani atakuuliza skafu ni ya nini?

Jhoanna aliona, chumba cha kubadilishia nguo za michezo.
Hakusema kitu. Kesho yake, akitafuna chipsi:
Chumba mia moja na kumi na nne. Nitakaa nje.
Nina hesabu za kumalizia hata hivyo.

Bi Kowalchuk ana mmea dirishani unaokaribia kufa.
Alisema: kuna mambo ukiniambia sitaweza kuyafungia humu,
nikutajie ni yapi kabla hujaanza.
Nikaanza. Kwa Kiingereza ilichukua dakika tisa,
ikatoka kavu, kama habari za jirani.
Aliniambia nisifute ujumbe hata mmoja.
Tukapanga mlango wa kutokea, nani atanisindikiza,
namba ya kupiga usiku.
Ya kupiga. Nilicheka, naye hakujua kwa nini.
Halafu akauliza: na nyumbani?

Nyumbani Mama hurudi saa moja asubuhi
ananukia dawa ya kuulia vijidudu na losheni za wazee wa watu.
Mama, nikasema. Espoir amenipiga.
Amenipigia, akanisahihisha, akiinama kuvua buti.
Amenipigia, Sifa. Kiswahili chako kinayeyuka kama nini sijui,
kila siku unaangusha herufi, kesho utaniita nani?

Amenipiga, Mama.

Nikaifungua skafu.

Sijui alitazama kwa muda gani.
Friji ilinguruma, ikanyamaza.
Kisha mezani simu ikaanza kuita, jina lake likiwaka,
na Mama akachukua bakuli la uji, tupu,
akaifunika, kama mtu anavyomfunika mende
wakati anatafuta kitu cha kumtolea nje.
Iliendelea kutetema humo ndani.

Alikuwa amevua buti moja.
Akairudisha mguuni, ule mguu uliovimba.
Ni chumba namba ngapi, akauliza,
na shule inafunguliwa saa ngapi.